Mtoto Si Pepo: Tafakari juu ya Filamu L'Exorciste



Baadhi yenu mmetuuliza, baada ya katekesi, kama ni halali kwa Mkristo kutazama filamu L'Exorciste, ambayo kwa Kiingereza huitwa The Exorcist. Wengine mmekwisha kuitazama katika vyumba vya video au kwenye simu, na mmoja wenu alituambia kwamba usiku ule hakupata usingizi. Ambaye bado ni mdogo, au mwenye moyo mwepisi kushikwa na hofu, tunamshauri aiache. Lakini kwenu mliokwisha kuitazama tuna swali letu: mliporudi nyumbani, mliwatazama kwa jicho gani watoto mliowakuta huko?

Filamu hiyo ilitoka nchini Marekani mwishoni mwa mwaka 1973, chini ya uongozi wa William Friedkin. Ilitokana na riwaya ya mwaka 1971 ya William Peter Blatty, Mkatoliki aliyesoma kwa Wajesuiti katika Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington. Akiwa bado mwanafunzi, mwaka 1949, alisoma gazetini habari za mvulana wa miaka 14 wa jimbo la Maryland aliyesemekana kupungwa pepo. Habari hiyo ilikaa moyoni mwake miaka mingi kabla hajaiandikia riwaya. Kwa hiyo, aliyeiandika ni mtu aliyelifahamu Kanisa kutoka ndani.

Wengi hukumbuka sauti ya kutisha na kitanda kinachotikisika. Sisi tungependa mkumbuke mambo matatu mengine.

La kwanza: mama wa yule binti, Regan, anaanzia kwa waganga wa hospitali. Wanampima ubongo, wanampa dawa, wanashauriana. La pili: Padri Karras, ambaye pia ni daktari wa magonjwa ya akili, hakubali upesi. Anachunguza, anasita, kisha anakwenda kuomba ruhusa kwa Askofu, naye Askofu anamteua padri mzee mwenye uzoefu, Padri Merrin. La tatu, ambalo ndilo kubwa: hakuna anayemwambia Regan kwamba yeye ndiye uovu. Mama yake hamfukuzi. Mapadri wawili wanaingia chumbani kwa ajili yake, na wote wawili wanakufa. Mtoto anabaki hai. Katika hadithi hiyo, gharama inalipwa na watu wazima.

Jambo hilo halikubuniwa na watu wa sinema. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, inasema kwamba hakuna awezaye kupunga pepo kihalali bila ruhusa ya pekee na ya wazi ya Askofu, na ruhusa hiyo hupewa padri mwenye ibada, elimu, busara na maisha manyofu. Katekisimu, katika namba 1673, inaagiza kwamba kwanza ihakikishwe kuwa si ugonjwa, kwa sababu ugonjwa ni kazi ya matibabu.

Sasa tutazame mitaa yetu. Je, kwetu gharama inalipwa na nani? Mtoto anakojoa kitandani, anasema usingizini, ni mkaidi, ama amefiwa na mama na kulelewa na mke mwingine wa baba. Baba anapoteza kazi, mdogo wake anaugua, na mara neno linatamkwa: mlozi. Anapelekwa kwa mtu ajiitaye nabii, ananyimwa chakula siku kadhaa, anapigwa mpaka "akiri". Akikiri, wanasema wamepata uthibitisho. Lakini ni mtoto gani mwenye njaa na maumivu asiyekubali lolote ili aachwe? Wengi wa watoto tunaowaona wakilala sokoni walianza safari yao kwa neno hilo moja.

Sisi makatekista hatusemi haya kama watu wasio na kosa. Katika kundi letu la Komunyo ya Kwanza alikuwamo msichana wa miaka tisa. Alianguka mara mbili wakati wa mafundisho, akitoa povu mdomoni. Jamaa zake wakasema ni pepo. Sisi tuliomba pamoja naye, tukanyamaza, tukaogopa kuwakosea wakubwa wa ukoo. Miezi ikapita kabla shangazi yake hajampeleka kwa daktari, aliyesema ni kifafa na kumwandikia vidonge. Leo anasoma. Lakini mgongoni ana makovu ya wakati ule tuliponyamaza, na tunapomwona akija kupokea Ekaristi, makovu yale yanatuhukumu.

Mtatuuliza: "Je, ninyi hamwamini kwamba Shetani yupo?" Tunaamini, kama Kanisa linavyofundisha. Ila tusome vizuri majina yake. Injili ya Yohane inamwita baba wa uongo, na Kitabu cha Ufunuo kinamwita mshitaki wa ndugu zetu. Anayemshitaki mtoto kwa uongo anafanya kazi ya nani? Hapa ndipo tunapoilaumu filamu: imeuvalisha uovu makelele mengi hata tunasahau kwamba mara nyingi uovu huingia nyumbani kwa sauti ya chini, katika mazungumzo ya jioni, mtoto akiwa amelala.

Katika sura ya 9 ya Injili ya Marko, baba anamleta mwanawe kwa Yesu. Yesu anamwuliza baba hali hiyo imeanza lini, anamkemea pepo, kisha anamshika kijana mkono na kumwinua. Hamwulizi mtoto amemroga nani. Na katika sura hiyo hiyo, aya chache baadaye, anamchukua mtoto, anamweka katikati ya mitume na kumkumbatia.

Basi, vijana, mkisikia katika ukoo au mtaani kwamba mtoto ameitwa mlozi, msinyamaze kama sisi. Mwambieni padri na wakubwa wa jumuiya siku ile ile. Ombeni apelekwe kwa daktari. Mwenye kumpiga mtoto akumbushwe kwamba Katiba yetu, ibara ya 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi, na kwamba sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu tendo hilo. Naye mtoto mwenyewe msimwepuke: kaeni naye kwenye benchi moja kanisani, mle naye sahani moja, ili mtaa mzima uone.

Padri Karras alikuwa na mashaka mengi katika imani yake, lakini alipofika saa ya kuchagua, alijiweka yeye mahali pa mtoto. Kwetu sisi hatuombwi kufa. Tunaombwa kusema neno moja mbele ya wajomba na mashangazi, kabla mlango haujafungwa na mtoto akiwa nje.