Kabla ya kulaumu figo, angalia mkanda wa mashine

Mwezi uliopita mama mmoja aliingia chumbani kwangu akiwa na mwanawe wa miaka 21. Kabla hata hajakaa akasema, “Dokta, huyu figo zake zimeshakwenda.” Kijana mwenyewe aliamkia, akakaa kwa shida, akaeleza kwamba mgongo unamuuma chini, karibu na kiuno, huu mwezi wa tatu. Mkono wa kushoto nao unakufa ganzi jioni. Kila maumivu yakizidi anapita duka la dawa, anachomwa sindano ya diklofenaki, kesho anarudi kazini.

Tulipima mkojo, tukapima damu. Figo zilikuwa salama. Nikamuuliza anafanya kazi gani. “Nakata majani na michongoma kwenye nyumba za watu, dokta.” Nikampa mwavuli wangu, nikamwambia, “Simama mwanangu, ushike kama unavyoshika mashine.” Bega la kushoto likapanda karibu na sikio, kiuno kikapinda upande, magoti yakakaza. Mashine inaning’inia kwenye nini? Akacheka kidogo: “Mkanda wake ulikatika, tumefunga kamba ya begi.”

Ndugu msomaji, nina wagonjwa wengi wa aina hii, na nimeanza kuamini kwamba wengine tunawaandikia dawa wakati wanachohitaji ni mkanda mzuri wa kubebea mashine. Sisemi dawa hazina kazi. Nasema ukimtuliza maumivu kisha ukamrudisha kwenye kamba ile ile, umemsaidia kuumia bila kusikia. Kuna jambo jingine linalonisikitisha: diklofenaki ikitumika kwa muda mrefu bila usimamizi inaweza kuumiza tumbo na hizo hizo figo tunazoziogopa.

Fikiria uzito wenyewe. Mashine za petroli za kukatia nyasi, na zile zenye mpini mrefu za kukatia michongoma au matawi, nyingi zina kilo 5 hadi 8. Chukua kilo 6 za unga uzikumbatie kifuani, utaona ni mzigo wa kawaida. Sasa zishike mbele yako mikono ikiwa imenyooka. Hazijaongezeka hata gramu, lakini mgongo wa chini unavuta kwa nguvu mara nyingi zaidi ili usianguke mbele. Mashine ya mpini mrefu inafanya hivyo saa nzima, tena ukiwa umejizungusha kiuno kulia na kushoto. Ndiyo maana maumivu haya huongezeka ukiinama au ukigeuka, na hupungua ukilala. Ya figo mara nyingi hayajali umekaaje, na huja na homa, kichefuchefu au mabadiliko ya mkojo.

Mkanda mzuri kazi yake ni kuutoa uzito huo mikononi na mabegani na kuukabidhi kwa mifupa ya nyonga, ambayo Mungu ameiumba kubeba. Kwa hiyo ukienda kununua, iwe Kariakoo au kwa wakala wa mashine, anza kutazama kiunoni, si mabegani. Mkanda wa bega moja unafaa kwa kazi fupi na mashine nyepesi. Kwa anayekata siku nzima tafuta wa mabega mawili wenye mkanda mpana wa nyonga, mkanda mdogo wa kifuani, na sponji nene mahali unapogusa mwili. Mkanda mwembamba wa begani hubana neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi. Wanajeshi wanaobeba mabegi mazito wanaifahamu vizuri ganzi hiyo, na ndiyo aliyokuwa nayo kijana wangu.

Mkanda wa nyonga ukae juu ya mfupa, ule unaoushika unapoweka mikono kiunoni kwa hasira. Ukikaa tumboni haubebi kitu. Ukishuka hadi kwenye kinena na kukazwa sana, unabana neva nyingine, na paja kwa nje linakufa ganzi au kuwaka moto. Dada zangu mnaofanya kazi hii, na mpo, ule wa kifuani upandisheni juu ya matiti. Nyingi zimeshonwa kwa kumfikiria mwanaume, kwa hiyo chagueni unaorekebishika mahali pengi.

Usinunue kwa kuuangalia ukutani. Aende mtumiaji mwenyewe na mashine yake, petroli ikiwa ndani, auvae juu ya nguo za kazi. Kwa mashine ya nyasi, ndoano ya kuning’inizia ikae upande wa kulia, kama kiganja kimoja chini ya nyonga. Kisha aachie mikono taratibu, mashine ikiwa imezimwa. Kichwa chenye uzi kinapaswa kutua chini kidogo tu. Chenye kisu kielee juu ya ardhi. Kikizama au kikipaa, sogeza pete ya kuning’inizia kwenye bomba la mashine mpaka itulie. Wengi wanairuka hatua hii, na mkanda wa bei kubwa usiosawazishwa utamuumiza vile vile.

Mashine za mpini mrefu za kukatia juu zina tabia yake. Ukiinua mpini, mkanda wa kawaida unapoteza sehemu kubwa ya msaada wake na mikono inarudi kubeba. Zipo fremu za mgongoni ambazo huishikilia mashine kutoka juu, nyuma ya kichwa, na kwa mtu anayekata miembe na michongoma mirefu kila siku ndizo ningemshauri. Ila soma kwanza kitabu cha mashine, kwa sababu baadhi ya mashine zinakubali aina fulani tu ya mkanda. Na hakuna mkanda unaomlinda mtu na waya wa umeme. Mpini wa chuma ukiugusa, mazungumzo yetu yamekwisha.

Jambo ambalo singekubali kulipunguzia bei ni kifungo cha kufyatua haraka. Mashine ikishika moto, nyuki wakitoka kwenye mchongoma, au mtu akiteleza, lazima aweze kuiachia kwa mkono mmoja bila kutazama. Afanye mazoezi mara kadhaa kabla ya kuanza kazi. Kamba ya begi iliyopigwa fundo haifyatuki.

Niseme neno kuhusu ile mikanda ya kubana mgongo inayouzwa stendi na kwenye maduka ya dawa. Watu wengi huichanganya na hii ninayoizungumzia. Ile haibebi mashine. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, tangu mwaka 1994 haiipendekezi kama kinga kwa mfanyakazi ambaye hajaumia. Hela hiyo iongeze kwenye mkanda wa kubebea.

Hata ukiwa na mkanda mzuri, mtetemo wa injini bado unafika vidoleni na kelele bado inafika masikioni. Anahitaji kupumzika mara kwa mara, kupokezana na mwenzake, glovu na vizuia sauti. Wakipokezana, kila mmoja aurekebishe mkanda upya kwa mwili wake. Wawekeeni alama kwa kalamu ya wino mzito.

Mzazi mwenye kijana wa miaka 15 aliyerefuka kuliko baba yake, najua kishawishi cha kumwachia akakate kwa jirani wakati wa likizo. Urefu si umri. Mifupa yake bado inakua, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Mashine yenye kisu kinachozunguka kwa kasi naihesabu humo.

Anayepaswa kulipia mkanda, kwa maoni yangu, ni mwenye mashine. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na aliyeumia kwa sababu ya kazi ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Tatizo ni kwamba kibarua wa kukata majani mara nyingi hana mkataba. Anaitwa kwa simu Jumamosi asubuhi. Basi wewe uliyempigia simu, kabla hajavuta kamba ya kuwashia, mtazame begani.

Wapo ambao mkanda hauwahusu kwanza. Mguu ukikosa nguvu, ganzi ikishika sehemu za siri na katikati ya mapaja, mkojo au choo kikimshinda mtu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu ya mgongo yenye homa, jasho la usiku au kupungua uzito yanahitaji vipimo bila kuchelewa, kwa sababu kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo.

Kijana wa mwavuli alirudi baada ya wiki tatu. Nilimpa mazoezi ya mgongo na barua ya kumpelekea bosi wake, nikaeleza aina ya mkanda unaotakiwa. Bosi aliisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni. Mama yake ndiye aliyetoa fedha, wakapata uliotumika, wa mabega mawili, mzima. Ganzi imeisha. Mgongo bado unamsumbua siku anazokata nyumba tatu mfululizo, na barua yangu sijajibiwa.