Usikabe wapangaji kabla ya kujua nani anapiga kelele

Haya, nimerudi. Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, halafu Jumamosi iliyopita nikaitwa kuamua ugomvi wa intaneti kwenye ploti moja hapa Nairobi. Ndiyo maana leo naandika mambo ya swichi badala ya programu.

Mwenye ploti analipia laini moja ya faiba na kuwagawia wapangaji. Kila jioni kilio kilikuwa kimoja: WiFi imekufa. Fundi wake akafanya wanachofanya mafundi wetu wengi. Akaingia kwenye rauta akawawekea wote kikomo, kila nyumba 3 Mbps. Hali haikubadilika. Akashusha hadi 2. Wapangaji wawili wakagoma kulipa. Mama mmoja wa nyumba za chini akaniuliza, "Kijana wangu, hii pesa naitoa ya nini?" Sikuwa na jibu.

Nikachomeka laptopu kwenye poti tupu ya swichi, nikafungua Wireshark. Sijaomba chochote, lakini pakiti zinamwagika kama mvua ya Aprili! Karibu zote zilikuwa zinaelekea anwani zinazoanza na 239. Hapo nikajua.

Kwa wasiojua: anwani za IPv4 kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255 ni za multikasti. Mtumaji anatuma mara moja, na kila aliyejiunga na kundi anapokea. Wazo ni zuri, Steve Deering aliliandika kwenye RFC 1112 mwaka 1989. Shida ni kwamba swichi isiyojua nani amejiunga humwaga nakala kwenye kila poti. Ploti ile ina kamera 8 za ulinzi, kila moja ikitoa kama 4 Mbps. Piga hesabu: 32 Mbps kwenye kila waya, usiku na mchana. Waya wa 100 Mbps utavumilia. WiFi haiwezi, kwa sababu kwa kawaida hutuma multikasti kwa kasi yake ya chini ili hata simu iliyo mbali isikie, mara nyingi 1 au 6 Mbps. Kwa hiyo hewa yote inajaa picha za geti ambazo hakuna mpangaji anayezitazama.

Sasa tazama kosa la fundi. Kikomo chake kilikuwa upande wa intaneti. Kelele za kamera hazipiti huko kabisa, zinatoka poti moja ya swichi kwenda nyingine. Amewakaba wasio na hatia, mwenye makosa hakuguswa.

Maoni yangu ni haya: kupunguzia watu kasi waliyoilipia iwe hatua ya mwisho. Kwanza washa snupingi ya IGMP, ili swichi isikilize nani amejiunga na kundi gani na kumpelekea yeye tu. Lakini lazima pawe na kifaa kimoja kinachouliza mara kwa mara "nani bado yupo?" Bila hicho, swichi husahau orodha baada ya sekunde 260 hivi na picha hukatika. Hapo ndipo wengi huzima snupingi wakisema ni mbovu (hata mimi niliwahi, nakiri). Ukimaliza, weka kikomo cha multikasti kwenye poti zenyewe, kama kinga ya siku kifaa kitakapoharibika.

Ila usifunge multikasti yote kwa hasira! IPv6 huitumia kutafutana na majirani, na printa nyingi hupatikana kupitia 224.0.0.251. Ukiifunga utaitwa tena Jumatatu.

Fundi aliniambia swichi za bei rahisi hazina mipangilio hiyo. Ni kweli. Basi wape kamera swichi yao, au zima multikasti kwenye kamera zenyewe. Kamera 8 na mashine moja ya kurekodi, multikasti ya nini?

Kwa bahati swichi ya pale ilikuwa na mipangilio. Tuliwasha snupingi, rauta ikapewa kazi ya kuuliza, na poti yangu ikanyamaza. Vikomo vya 2 Mbps tumeviondoa. Kilichobaki ni mwenye ploti kuwadai wale wawili pesa ya mwezi uliopita. Mimi nimemwambia wazi asiwadai.