Karamu ya Viziwi

SAFU YA BARAZANI
Na Mwana wa Shari

Nasema mapema, ili asiyetaka kuudhika apate kugeuza ukurasa: mtu aliyealikwa karamuni hakuja kupigiwa makelele, na yule tunayemkodi siku hizi kwa jina la animatere ili awachangamshe wageni, hamchangamshi mtu ila nafsi yake na mwenye kumlipa. Wasomaji wangu wa kila juma watanena kuwa Mwana wa Shari ameanza tena shari zake. Nami nitawajibu kama niwajibuvyo siku zote, kwamba jina hili nililipata kwa mto ulio jirani na mji wetu, na kwamba tabia iliyofuatia ni lawama ya maji, si yangu.

Jumamosi iliyopita nilihudhuria arusi katika ukumbi mmoja wa hapa Bunia, ambao sitautaja, kwa kuwa mwenyewe ni mtu wa heshima na nyama yake ilikuwa laini. Kadi ya mwaliko ilikuwa imetangaza, kwa herufi zing'aazo kama dhahabu ya Mongbwalu, kwamba wageni watatumbuizwa. Nikafurahi, maana mimi ni mtu wa kale, na neno hilo lanikumbusha watu wa pwani, ambao tumbuizo kwao zilikuwa nyimbo za ngoma ya gungu, na kumtumbuiza mtu kulikuwa ni kumliwaza kwa sauti hata moyo wake utulie. Leo magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi humwandika kuwa ametumbuiza kila apandaye jukwaani akashika maikrofoni, hata kama waliohudhuria wametoka wakiziba masikio. Na sisi wa Bunia, tusio na haya katika kukopa, tumeichukua maana hiyo mpya na kuiongezea jenereta.

Nikaketishwa baina ya ukuta na bafle la muziki lenye kimo cha mtoto wa miaka kumi. Kila lilipovuma, soda katika chupa yangu ilitetema, na kitambaa cha meza kikapanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa wa homa. Mbele yangu walikaa wazee wawili, binamu wa damu moja, mmoja ametoka Irumu na mwingine Mahagi, ambao kwa sababu ya hizi njia zetu na masaibu yake hawakuonana kwa muda mrefu. Yule wa Irumu aliinama, akaweka kinywa karibu kabisa na sikio la mwenziwe, akamwambia jambo refu kwa uso wa huzuni; nami niliyakamata maneno mawili matatu tu, ya kutosha kufahamu kwamba alikuwa akimpa habari ya kufariki kwa ndugu yao. Yule wa Mahagi akatikisa kichwa, akacheka kwa furaha, akainua chupa yake kumshukuru. Wallahi, nimeona mengi katika mji huu, lakini tanzia kupokewa kwa kicheko, kwa kuwa tu kijana mwenye miwani myeusi ndani ya nyumba alikuwa akipaza sauti, “Muna lala? Mupige makelele!”, hilo lilikuwa geni kwangu.

Hadithi ya Liyongo, shujaa wa watu haohao wa pwani, husimulia kwamba, alipokuwa kifungoni, kijakazi Saada alimletea mkate wenye tupa ndani yake, naye akaomba ichezwe ngoma ya gungu, ili mlio wa pembe na matuazi ufunike sauti ya minyororo ikatwayo. Basi mimi, ambaye sina ushujaa wake wala kimo chake, niliitazama kila sahani iliyopita nikitaraji kwamba Saada ameficha chochote katikati ya samaki wa Kasenyi na sombe. Hakuficha kitu.

Kisha animatere akateremka na maikrofoni yake, akaja moja kwa moja kwa yule mzee wa Irumu, aliyekuwa bado ameshika tama akimtazama binamu yake achekaye. “Papa, simama! Utuonyeshe namna mulikuwa munacheza zamani!” Mzee akakataa kwa adabu; ukumbi ukapiga mikono; akakataa tena; akainuliwa kwa mkono. Alipiga hatua tatu, na aliporudi kitini, wakati animatere akimeza mate, ndipo nilipomsikia akisema: “Kwa Mobutu tulicheza asubuhi tu, kisha tukaachwa tuende kazini.”

Vijana hawayajui hayo. Katika miaka ya 1970, Mobutu aliporejea kutoka safari zake za Uchina na Korea ya Kaskazini, ilikuwa sharti makarani, walimu na wanafunzi wa Zaire yote wajipange mbele ya bendera na kumwimbia na kumchezea Kiongozi kabla ya kushika kalamu. Animation, ndivyo ilivyoitwa. Jina halikubadilika.

Na asili ya balaa ya leo ni Kinshasa, wala sitaki kubishana. Tangu Zaiko Langa Langa ilipomweka atalaku, yaani mpaza ukelele, mbele ya wapiga gitaa mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi nzima imeamini kwamba hakuna furaha isiyopigiwa ukelele. Na tangu wanamuziki walipoanza kurusha mabanga, yaani kumtaja tajiri ndani ya wimbo kwa malipo, kila animatere wa mtaani amejifunza kwamba sifa ni bidhaa. Jumamosi ile bwana mmoja wa madini alitajwa mara nyingi kuliko bibi arusi. Mwenye bahasha nyembamba hakutajwa, na bahasha yangu, wasomaji wanaonifahamu watakisia, haikuwa nene.

Wapo watakaoniambia: ewe Mwana wa Shari, waache watu, mkoa huu umekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, wengine wamekimbia Djugu wakiwa na mkeka tu, je, huwezi kuwavumilia wakifurahi nusu siku? Hoja hiyo naichukia kuliko bafle lenyewe. Mtu aliyelala miaka akitega sikio kujua kama mlio ule ni radi au ni risasi, ndiye hasa anayestahili kukaa mahali palipotulia, akala, akamuuliza jirani yake watoto hawajambo, akasikia jawabu.

Jumatatu kijana wa kamati ya arusi nyingine alinijia nyumbani na daftari la michango, akanieleza kwa taadhima kwamba ng'ombe amepatikana na mchele umekwisha nunuliwa, kilichobaki ni fedha za animatere. Nikamwambia kwamba nitatoa dola ishirini, kwa sharti animatere huyo asifungue kinywa mpaka mimi niwe nimekwenda zangu. Hakushangaa. Alifunua ukurasa wa nyuma, ambako waliotoa kwa sharti hilohilo walikuwa wameandikwa mbali, akaniongeza mkiani. Na wa kwanza katika orodha ile alikuwa baba wa bibi arusi.