Kelele ya "Mwizi!" Si Hukumu

Huko Temeke na Kinondoni, kelele moja ya "Mwizi!" imekwisha kuua watu kwa mawe na moto. Kesho yake hutangazwa kuwa marehemu aliuawa na "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ina mikono. Muuaji hana jina.

Ukimya huo ndio alioukataa mwandishi Ida B. Wells mwaka 1892, Weusi watatu walipouawa na kundi la Wazungu mjini Memphis, Marekani. Alichunguza, akafichua kuwa kosa lao hasa lilikuwa duka lililoshindana na la Mzungu.

Tangu 1984 Katiba ya Tanzania inakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Polisi wakichelewa, walaumiwe polisi. Lakini mwalimu anayeifundisha ibara hiyo asubuhi, jioni naye huwapo mtaani petroli inapoletwa.