MTOTO APIMWE MLANGONI, SI BAADA YA FOLENI



Tangu Oktoba 2024 tunakatwa 2.75 kwa mia ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya bima ya afya. Hatuulizwi, tunakatwa. Basi nasi tuna haki ya kuuliza. Mtoto wa mfanya kazi akifikishwa hospitali usiku, homa imempanda, pumzi inakwenda mbio, ni nani anayemtazama kwanza, na baada ya muda gani?

Jibu mnalijua. Wa kwanza ni karani. Karani ataka jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kisha asema, "Mama, kaa pale kwenye benchi." Mtoto anakaa pamoja na wenye mafua na wenye vidonda vya mguu, na aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuonwa. Hiyo ni desturi ya kununua unga dukani. Ugonjwa haupangi foleni.

Wakubwa tukiwauliza husema hapana mashine. Mashine! Mwaka 2015 Serikali iliingia mkataba wa kukodi mashine za hospitali za kaunti: za eksirei, za kusafisha figo, za upasuaji, za wagonjwa mahututi. Mwaka 2020 kamati ya Seneti ilipochunguza jambo hilo, zilionekana mashine zilizokaa bure, mahali pengine kwa kuwa hapana mtu aliyefundishwa kuziendesha. Fedha zilikwenda. Na kile ambacho mtoto alikihitaji kwanza hakikuwa mashine kubwa, bali mtu mmoja aliyefundishwa, mwenye saa ya mkononi na nafasi ya kuitumia.

Nisemavyo hivi sitanii. Kupima hatari ya mtoto ni kazi ya dakika chache. Mtoto wa miezi miwili mpaka kumi na miwili akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, hiyo ni pumzi ya haraka. Wa mwaka mmoja mpaka mitano ni mara 40. Lazima uhesabu dakika nzima, si kukisia. Mikono ikiwa baridi, mapigo ya moyo dhaifu tena ya mbio, na ukibonyeza ukucha rangi yake ikachelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, damu haimzunguki vema. Kiko kidude cha kubana kidoleni kinachoonyesha oksijeni ya damu. Kikisoma chini ya 90, apewe oksijeni. Sukari ya damu hupimwa kwa tone moja. Na fahamu hupimwa kwa alama 0 mpaka 5, kwa kutazama macho, sauti, na namna mtoto anavyoitikia akiumizwa kidogo. Mtoto wa alama 2 au chini yake ni mtu wa kukimbiliwa. Kipimo hicho cha fahamu kinaitwa cha Blantyre, maana kilitengenezwa Malawi, kwa watoto wenye malaria kali. Havikuletwa vyote kutoka Ulaya, jamani.

Huko huko Blantyre, katika hospitali kuu ya Queen Elizabeth, palifanywa jambo ambalo kila mkubwa wa hospitali yapasa alijue. Walipanga upya mlango wa watoto, wakafundisha wafanya kazi kumtenga mara moja yule wa hatari na kumtibu pale pale kabla ya makaratasi. Zamani katika kila watoto 100 waliolazwa walikuwa wakifa kati ya 10 na 18. Baada ya mpango huo wakawa kati ya 6 na 8. Malawi si nchi tajiri kutushinda.

Sasa kuna watu watakaosema: kupima ni bure, daktari hodari amjua mgonjwa kwa macho. Nao nawajibu kwa habari ya hapa hapa kwetu. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu haimzunguki vema amiminiwe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Vitabu vilisema hivyo. Watafiti wa Kilifi wakiongozwa na Dkt. Kathryn Maitland, pamoja na wenzao wa Uganda na Tanzania, wakalijaribu neno hilo kwa watoto 3,141 katika hospitali sita. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa karibu 11 katika kila 100 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa walikufa 7. Dawa iliyoaminiwa ilikuwa inaua! (Watoto waliokauka kwa kuharisha hawakuwamo katika jaribio hilo, hao maji ndiyo uhai wao, mtu asije akawanyima kwa kunisoma vibaya.) Tena hata hao 7 walikuwa wachache kuliko watafiti walivyotazamia. Kwa nini? Mimi naona ni kwa sababu watoto wale walitazamwa. Walichaguliwa kwa dalili mlangoni, wakarudiwa na kupimwa tena na tena mpaka siku ya pili.

Hapo ndipo penye shida yetu kubwa, kule kurudiwa. Nimelala wodini na mtoto wangu siku tatu, hospitali siitaji. Karatasi ya vipimo ilining'inia kitandani. Usiku wa pili haikuandikwa kitu tangu saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Nesi alikuwa mmoja kwa wodi nzima, na vitanda vingine vilikuwa na watoto wawili. Nilimwona akikimbia usiku kucha. Je, nimlaumu yeye? Mtu mmoja hawezi kuhesabu pumzi za watoto wote hao, kila mmoja dakika nzima, na dawa agawe, na mrija wa oksijeni autazame. Manesi waligoma karibu miezi mitano mwaka 2017, toka Juni mpaka Novemba, na wako waliowatukana barabarani. Lakini nesi ni mfanya kazi kama sisi, na uchache wao ndio ulioiacha karatasi ile tupu.

Sisi wa reli twajua. Gari la mizigo haliondoki stesheni mpaka breki zijaribiwe, upepo wake usomwe kwenye geji, na mtu atie sahihi. Atakayelipeleka bila hivyo atafukuzwa kazi. Basi magunia ya saruji ya kupelekwa Nairobi yanapimwa na kutiwa sahihi, na mtoto wa yule aliyeyapakia anaachwa usiku kucha bila hata namba moja!

Wengine watasema mama alichelewa kumleta. Pengine kweli alichelewa, nauli haikuwapo. Lakini vifo vingi vya watoto hospitalini hutokea katika saa 24 za kwanza. Ikiwa afika amechelewa, ndiyo sababu zaidi ya kutomchelewesha tena kwenye benchi.

Kwa hiyo nataka mkutano wa tawi ujao upitishe neno hili: kila hospitali inayolipwa kwa fedha za bima yetu iweke mlangoni, mchana na usiku, mtu aliyefundishwa kuwachagua watoto wa hatari kabla ya karani, na manesi wa zamu ya usiku waongezwe kwa hesabu ya vitanda. Chama kisimame na chama cha manesi katika dai hili, si kuwatazama kwa mbali. Na kila ndugu ambaye mtoto wake amelazwa mwaka huu aandike saa aliyofika, saa mtoto alipoguswa mara ya kwanza, na mara ngapi alipimwa usiku. Aweke saa tu, bila jina la mtoto, ampe katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Tukienda kwa wakubwa twende na hesabu hizo mkononi.

Mfanya kazi wa reli