Nani Kasema Ukungu ni wa Wazungu?

Ndugu zangu waandishi chipukizi, leo sina salamu ndefu. Nina ugomvi. Na ugomvi wenyewe nauanzia kwangu, asije mtu akasema nazima moto wa jirani huku paa langu linaungua.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na mswada wa riwaya. Kurasa 112 kwa mkono, kwenye kauntabuku mbili. Sura ya kwanza kijana anapanda kilima asubuhi yenye ukungu, anawaza maisha yake. Niliipenda sura ile jamani! Nikampa mshikaji wangu mmoja hapa Ubaruku, fundi baiskeli, ila kwa kusoma hakuna kitabu kinachomkimbia. Akasoma pale pale kijiweni, mikono ina grisi. Alipomaliza akaniuliza swali moja tu: "Huyu jamaa yuko wapi?"

Nikamjibu, yuko Mbeya.

"Mbeya ipi hiyo yenye kuta za mawe kila shamba, na mzee anayetembeza mbwa kwa kamba, na mtu anarudi nyumbani kuota moto na kunywa chai kwa biskuti? Wewe umewahi kumwona nani?"

Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikakubali. Sikuwa nimenakili sentensi ya mtu, hapana. Nilikuwa nimenakili macho ya mtu. Ukungu wangu wote niliutoa kwenye vitabu vya Kiingereza vya shule na kwenye filamu, vilima vya Wales na Scotland, wakati kila asubuhi nikitoka nje kupiga mswaki naiona safu ya Kipengere kusini kwetu, imejifunika wingu kama mtu mwenye homa.

Basi siku ile nilipokubali kosa, wenzangu wa kijiwe cha uandishi wakanishangaza zaidi. Wakaniambia suluhisho ni rahisi: futa mlima. Mmoja akasema hadithi ziko Dar, Kariakoo, Manzese, huko ndiko kuna msisimko. Mlima hauna hadithi. Mwingine akasema kutembea mlimani bila shughuli ni mambo ya Wazungu, Mwafrika anayepanda mlima bila mzigo hana akili timamu. Wa tatu akamalizia kwamba ukungu ni mapambo tu, unajaza kurasa. Wote wakacheka. Mimi nikanyamaza, maana sikuwa na jibu. Sasa ninalo.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata nilitoka Ubaruku alfajiri, nikapata gari Rujewa, nikashuka Chimala kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia. Pale Chimala ndipo inapoanza ile barabara ya kupanda Matamba na Kitulo. Wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa sababu ina kona 57. Magari yapo, malori ya viazi yapo, lakini mimi nilisema nitapanda kwa miguu. Kondakta mmoja aliponiona napita gari lake alinionea huruma, akadhani sina nauli.

Kona za kwanza zilikuwa jua kali. Nikigeuka nyuma naona bonde lote la Usangu chini yangu, majaruba ya mpunga yanametameta kama bati jipya. Nikahesabu kona. Nilipofika ishirini na kitu, baridi ikaanza kunigusa masikioni. Halafu nikaingia ndani ya lile wingu ninaloliona kila asubuhi nikipiga mswaki.

Hapo ndipo nilipojua kwamba sura yangu ya kwanza yote ilikuwa uongo. Niliandika kwamba ukungu ni kimya. Si kweli! Ukungu una kelele. Kwa kuwa macho hayana kazi, masikio yanafanya kazi mara mbili. Nililisikia lori likilalamika kwenye gia namba moja kona tatu juu yangu, na nikalisikia muda mrefu kabla taa zake hazijatokea, njano, hafifu, kama macho ya paka mgonjwa. Nilisikia watoto wanacheka, sikuwaona. Nilinusa moshi wa kuni kutoka nyumba ambayo mpaka leo sijui ilipo. Niliandika pia kwamba ukungu hulowanisha "taratibu". Wapi! Robo saa tu nyusi zangu zilikuwa zinachuruzika maji na kauntabuku yangu ndani ya mfuko imekuwa laini kama mkate wa jana.

Hesabu ya kona ikanipotea. Nikasimama. Mbele sioni, nyuma sioni, ukingo wa barabara siuoni, na najua upande mmoja ni ukuta na upande wa pili ni hewa tupu. Nakiri, niliogopa.

Ndipo akatokea mama mmoja anateremka, tenga la viazi kichwani, mtoto mgongoni kafunikwa blanketi, miguuni kandambili. Mimi na viatu vyangu vya mtumba vya kupandia mlima nimesimama kama mti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unaenda kwa nani huko?"

Nikasema siendi kwa mtu, natembea tu.

Akaniangalia. "Natembea tu ndiyo nini? Umegombana na nani nyumbani?"

Nikaona aibu kumwambia mimi ni mwandishi. Nikasema nataka kuona mlima. Akacheka mpaka tenga likatikisika, kisha akasema neno ambalo kwangu lina thamani kuliko kurasa zangu zote 112: "Ukungu ukishika namna hii usitafute njia, mwanangu. Kaa chini, upande wa ukuta. Sikiliza gari. Njia itakuja yenyewe." Akashuka. Hatua nne tu, hayupo. Nikabaki nasikia kandambili zake zinapiga barabara yenye maji, pa, pa, pa, mpaka zikaisha.

Nikakaa chini, upande wa ukuta. Na nikiwa nimekaa pale ndipo nikayapata majibu yangu kwa wale wenzangu watatu.

Kwako wewe unayesema mlima hauna hadithi. Mwaka 2003 watafiti walipata kwenye msitu wa Mlima Rungwe, mkoa huu huu wa Mbeya, kima ambaye sayansi haikuwa inamjua. Walimfuatilia baada ya kusikia masimulizi ya wawindaji wa Kinyakyusa, na wenyewe walikuwa na jina lake tayari: kipunji. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake. Mnyama mzima, kaishi kwenye ukungu wetu, wazee wanamsimulia, na sisi vijana tuliosoma tukadhani ni hadithi za moto wa jioni. Alipoandikwa na wageni tukasema "kumbe!" Sasa niambie, ni mlima usio na hadithi, au ni sisi tusio na masikio?

Na Kitulo je? Imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Watu wanaiita Bustani ya Mungu kwa maua yake, na okidi peke yake zipo aina zaidi ya arobaini. Sawa, maua ni mazuri. Lakini mizizi ya hizo okidi inachimbwa, inapakiwa magunia, inavushwa mpaka Zambia, inatwangwa na kuchanganywa na karanga na pilipili kuwa chakula kinachoitwa chikanda. Kuna mtu anaamka usiku na jembe dogo akachimbe ua la Mungu ili mtoto apate ada. Kuna askari wa hifadhi anamsubiri, pengine ni shemeji yake. Hiyo si riwaya? Nani kati yetu ameiandika? Tunang'ang'ania majambazi wa Dar na bastola ambazo hatujawahi hata kuzishika!

Kwako wewe unayesema kutembea ni anasa ya Wazungu. Kwanza huwajui hata hao Wazungu. Mwaka 1932 vijana wa viwandani wa Manchester na miji jirani, makabwela kama sisi, walipanda mlima wa Kinder Scout kwa mamia, kwa sababu matajiri walikuwa wameufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Watano wakafungwa jela. Jela, kwa kutembea! Kwa hiyo hata huko kutembea mlimani kulikuwa ni ugomvi wa nani ana haki ya kuiona nchi yake. Sisi hatujafungiwa Hamsini na Saba. Tumejifungia wenyewe kwa kicheko.

Tena sikiliza. Mlima mrefu kuliko yote katika Wales nzima unaitwa Yr Wyddfa. Zamani ramani zilipenda kuuandika kwa Kiingereza, Snowdon, lakini mwaka 2022 mamlaka ya hifadhi yao iliamua kutumia jina la wenyeji. Una mita 1,085. Bonde letu la Usangu liko kati ya mita 1,000 na 1,100 kutoka usawa wa bahari. Umeelewa? Mkulima wa Ubaruku aliyesimama kwenye jaruba, matope mpaka magotini, amesimama usawa mmoja na kilele chao cha juu kabisa, kile ambacho kimeandikiwa mashairi, vitabu na kadi za posta. Halafu akiinua macho ana mlima mwingine mzima wa kupanda! Na sisi tunakwenda kukopa ukungu kwao.

Wenzetu wale wanarudisha majina yao. Sisi? Kitulo kwenye ramani za kikoloni iliandikwa kwa jina la Elton, konsuli wa Kiingereza aliyepita huku mwaka 1877 na kufa mwaka huo huo kabla hajafika pwani. Alipita mara moja, akapewa uwanda. Yule mama wa viazi amepita mara ngapi? Hana hata kona moja yenye jina lake, na mimi mwandishi nilimtoa kwenye sura yangu ya kwanza nikamweka mzee na mbwa.

Kwako wewe wa tatu, unayesema ukungu ni mapambo. Hapo sasa nakasirika hasa. Ukungu ule si pazia la sinema. Hewa yenye unyevu inapanda ule ukuta wa mlima, inapoa, inageuka wingu. Wingu la mtu wa bondeni ndilo ukungu wa mtu wa mlimani. Mvua inayonyesha huko juu inanyweshwa kwenye majani na matope ya Kitulo na Kipengere, inatoka pole pole, inakuwa mto Chimala, mto Kimani, mto Mbarali, inakuwa Ruaha Mkuu. Mpunga wa Ubaruku ni hayo maji. Ruaha Mkuu wenyewe ndani ya Hifadhi ya Ruaha ulianza kukauka kiangazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, na tangu hapo wakulima, wafugaji na hifadhi wamegombana juu ya kila ndoo. Watu wamehamishwa, ng'ombe wamekufa, mashamba yamefungwa. Kila ugomvi wa bonde hili unaanzia kwenye lile wingu. Wewe unaliita mapambo wakati unalila kila siku mchana, na maharage!

Sisemi kila mtu aandike mlima. Wa Manzese aandike Manzese, tena aiandike kweli. Kezilahabi alikuwa mtoto wa Ukerewe, na mwaka 1971 alipotoa Rosa Mistika alianzia Ukerewe kwao, kisiwani, hakuomba radhi kwa mtu. Hakusubiri kisiwa kiwe Dar ndipo kistahili riwaya. Ninachosema ni kimoja: usiandike mahali ambapo miguu yako haijafika wakati mlango wako unatazamana na mahali ambapo hakuna aliyepaandika. Mwandishi asiyepanda mlima wake ataandika mlima wa mwenzake, na mwenzake atakuja kuuandika wa kwake. Hapo usije ukalia kwamba tumeibiwa.

Mtaniambia, sawa bwana, riwaya yako iko wapi? Ni haki yenu kuuliza. Zile kurasa 112 nilizifungia vitumbua nikampa mama mmoja wa gengeni, zimekwisha. Mpya ina kurasa tisa tu. Inaanza na kandambili zinazopiga barabara yenye maji ndani ya ukungu, na sauti ya mwanamke anauliza: "Unaenda kwa nani huko?" Fundi baiskeli ameisoma. Hakuniuliza jamaa yuko wapi. Aliniuliza yule mama alifika Chimala saa ngapi, na viazi aliuza kwa lumbesa au kwa debe, maana kwa lumbesa wanampunja.

Sikujua. Kwa hiyo Jumamosi narudi Hamsini na Saba kumuuliza. Nauli ya kwenda Chimala ninayo. Anayetaka kunifuata aje stendi ya Ubaruku saa kumi na moja alfajiri na sweta. Anayetaka kucheka abaki kijiweni acheke, ila asije baadaye kutuuliza ukungu unafananaje.