Msitupe hiyo laptopu, na wala situmi nyingine

Nimepotea siku nyingi, nisameheni, zamu za usiku zimenibana kwelikweli. Leo sina picha za bahari. Nina neno moja tu, na najua kuna watakaonuna.

Tangu Microsoft wasitishe huduma ya kawaida ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, simu za nyumbani zimekuwa zile zile: "Dada, mashine imekufa, tutumie hela ya mpya." Jamani, haijafa! Windows 11 ndiyo inayoikataa, kwa sababu inadai prosesa mpya na kitu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Hata yangu ya mwaka 2014 imekataliwa.

Basi siku ya mapumziko nikajaribu Ubuntu. Unaipakua bure, unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia hiyo flashi na kuionja kabla hujagusa chochote cha zamani. Nilionja siku mbili, nikahifadhi faili zangu pembeni, nikaiweka moja kwa moja. Firefox imo, na LibreOffice inafungua hata faili za Word. Na hapo mimi kubadili wino wa printa tu ni mtihani!

Sisemi haina kasoro. Printa ilinisumbua jioni nzima, na waraka mmoja wenye majedwali ulivurugika. Kama RAM haifiki GB 4 itahema, afadhali Linux Mint ya Xfce. Na kama kazi yako inadai programu ya Windows tu, usilazimishe. Lakini kuandika barua, kusoma na kuingia intaneti? Inatosha kabisa, tena kuliko zile Windows za wizi mnazowekewa na mafundi pamoja na virusi vyake.

Halafu si kitu cha Wazungu wa mbali. Ubuntu ilianza 2004, mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth wa hapa hapa Afrika Kusini, yule aliyekwenda anga za juu 2002. Jina lenyewe Wazulu kazini wananieleza hivi: umuntu ngumuntu ngabantu. Si ndiyo mtu ni watu yetu? Na mwaka huo huo 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kumbe tulishaanza zamani, tukaacha kuitumia.

Kwa hiyo mdogo wangu (unajijua!), hela ya laptopu niliyotenga inakwenda kwenye bima ya afya ya mama. Huku nawapima presha mama za watu kila siku, wa kwangu anasubiri. Niiteni bahili, sawa tu. Flashi inakuja na msafiri. Ukikwama nipigie, tutaiweka pamoja.

Kazi kwenu. Nawapenda wote!